Themostati ya 76 badala ya 82 kwenye Premio: injini inafaidika au najidanganya?

Premio ya Mkopo
Wakuu salama? Nina Premio old model NZT240, injini 1NZ, cc 1496. Miaka miwili nyuma ilinichemshia Kibamba nikitokea Moro, nikavutwa na kamba mpaka gereji moja, fundi akafungua akachomoa themostati, kile kimlango cha maji kati ya injini na rejeta, akanionyesha kama daktari anavyokuonyesha jino alilong'oa. Akasema mchawi wako ndo huyu, haya makitu ni ya Wajapani wenye barafu, Dar joto lote hili unayataka ya nini. Akaitupa kwenye ndoo. Na kweli haijachemsha tena, ila niseme ukweli siku ileile alibadilisha na mota ya feni iliyokuwa imekufa pamoja na mfuniko wa rejeta, lakini sifa zote nikampa kwa kutoa themostati.

Sasa shida ni mafuta. Gari inakunywa kama ina harusi. Nikabadili plagi, nikasafisha nozeli, wapi. Wiki iliyopita nikanunua kile kidude cha OBD cha bluetooth kinachosoma kompyuta ya gari, kikanisumbua kushika mpaka nilipochagua Toyota za Japani kwenye apu, halafu nikaona maajabu. Saa 11 alfajiri natoka Kimara kwenda Chalinze, mwendo 80, maji yanasoma nyuzi 57, 58, yakijitahidi sana 61. Mchana kwenye foleni yanapanda mpaka 94 feni inawaka.

Nimeenda Ilala kutafuta themostati, muuzaji ana mbili, moja imepigwa 76.5 nyingine 82. Anasema chukua ya 76, gari itakua ya baridi zaidi na itakua na nguvu, wenye magari ya mbio ndo wanafunga hizo. Nikawaza mbona ina mantiki, Dar yenyewe joto. Nimeondoka bila kununua. Nisaidieni.

Fundi wa Mwembeni
Usifunge yoyote. Mimi nipo kwenye hii kazi miaka 19 na niliowatolea themostati hakuna hata mmoja aliyerudi kuniambia gari imechemsha. Wanaorudi ni wale waliofungiwa feki za elfu kumi zinakwama zimefunga, mtu anaua silinda hedi barabarani usiku. Maji yatembee huru, gari ipumue. Hiyo 57 yako mbona ndo raha yenyewe, injini ya baridi inadumu.

Nyuzi Themanini
Fundi heshima yako, ila hilo la mwisho hapana. Ngoja nianze na mwenye uzi.

Mkuu, watu wengi wanadhani themostati ni kiyoyozi, kwamba ukiweka ya namba ndogo injini inakua ya baridi muda wote. Themostati kazi yake ni kuweka sakafu. Dari haihusiki nayo. Ile 82 maana yake chini ya hapo nafunga mlango wa rejeta, maji yazunguke ndani ya injini yapate moto haraka, yakifika 82 naanza kufungua kidogokidogo na kwenye 95 hivi nimefungua mlango wote. Ndani yake kuna kikopo cha nta, nta ikipata moto inavimba inasukuma kijiti, springi inakirudisha ikipoa. Hakuna waya, hakuna akili, ni nta tu, na mpango huu upo kwenye magari tangu miaka ya 1930 huko.

Sasa mlango ukishafunguka wote, kinachoamua injini ifike 90 au 110 ni rejeta, feni, wotapampu, kulanti (kimiminika cha kupozea) na upepo. Themostati imeshamaliza kazi yake, imekaa pembeni inaangalia. Ndo maana gari yenye rejeta iliyoziba ukiifungia 76 itachemsha vilevile, labda itachelewa dakika chache. Unanunua dakika, nafasi ya kupozea hujaongeza hata kidogo.

Halafu angalia namba zako mwenyewe. Kwenye foleni umefika 94 ukiwa HUNA themostati kabisa. Kama bila kizuizi chochote maji yalipanda mpaka feni ilipowaka, unategemea kizuizi cha 76 kiyashushe kutoka wapi? Kwenye foleni hakuna upepo, maji yatapanda tu mpaka nyuzi ambazo kompyuta imepangiwa kuwasha feni, kwa Toyota nyingi ni 93 na kuendelea. Ufunge 71, ufunge 76, ufunge 82, Ubungo saa 12 jioni utasoma namba ileile.

Premio ya Mkopo
Dah. Hiyo ya foleni sikuiwaza kabisa.

Vitz Nyekundu
Samahani jamani naingilia, na mimi ni mwanamke msinitukane 😅 Vitz yangu haina ule mshale wa joto, ina taa tu ya bluu ukiwasha. Yangu natoka nayo Mbezi Mwisho inazima nikishafika Ubungo, siku za mvua haizimi kabisa. Mimi nilikua nafurahi maana bluu si ndo baridi? Fundi wangu aliniambia gari yangu iko poa sana haipati moto.

Nyuzi Themanini
Dada hakuna wa kukutukana, umeuliza la maana kuliko wengi. Taa ya bluu maana yake injini bado haijapata joto la kufanyia kazi. Kwa Dar ilitakiwa izime ndani ya dakika chache tu za kutembea. Ikienda mpaka Ubungo basi themostati imekwama wazi au mtu alishaitoa bila kukuambia, na kwa gari zilizopita mikono ya watu watatu wanne hiyo ya pili ndo nyingi.

Na hasara yake ndo hii ambayo fundi anaiita raha. Kompyuta ikiona maji ni 57 inajua injini bado ina usingizi, inaongeza petroli kama vile ndo kwanza umeiwasha asubuhi. Nyumbani ukiwasha jiko la mkaa si unapepea sana mwanzoni, sasa wewe unapepea kutwa nzima. Kwa gari ya otomatiki kuna la pili, giaboksi nyingi za Toyota hazikupi gia ya mwisho wala hazifungi ile kopla ya oili kati ya injini na giaboksi (torque converter) mpaka maji yafike kwenye 55 hadi 60 hivi, kwahiyo mwenye uzi akiwa 57 barabara kuu kuna wakati gari inavuta resi ya bure.

La tatu halionekani kwa macho. Petroli ya ziada haiungui yote, inateleza kwenye kuta za silinda inaosha oili, pistoni ringi zinasuguana kavu, na ile petroli inashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, inaifanya oili yako kuwa nyepesi. Mvuke wa maji nao unaoingia kwenye oili ulitakiwa ukaushwe na joto, haukauki. Fungua mfuniko wa oili uone kama kuna utando mweupe kama mtindi. Na hapa angalizo kabisa, utando huo huo mtu akikuta anakuambia gasketi imeungua leta laki nne. Kabla hujatoa hela angalia kwanza kama kulanti inapungua na kama ndani ya rejeta kuna oili. Nimeona zaidi ya mtu mmoja kafunguliwa injini kwa sababu ya ubaridi tu.

Cross Sport
Mimi niliingia huo mkenge wa namba ndogo, naomba nishuhudie. Subaru Forester SG5 ya turbo. Nikasoma Wajapani wanafunga za kufunguka 68 mpaka 71, Nissan Skyline nazo zina ya Nismo, kitengo cha mbio cha Nissan, inafunguka 62 wakati ya kiwandani ni 76.5, nikasema kama wenyewe wanafunga mimi nani nisifunge. Nikaagiza ikaja ya 68.

Ukweli wake uko hivi, kwenye gari ya turbo inayokandamizwa kweli kuna faida. Kichwa cha silinda kikiwa cha baridi kidogo mchanganyiko wa hewa na petroli hauwaki kabla ya muda, ule mlio wa kama kokoto kwenye kopo unakua mbali, na kompyuta haishtuki ikarudisha nyuma taimingi, ule muda wa plagi kuwasha moto. Kurudisha taimingi nyuma ndo kupoteza nguvu. Lakini hao jamaa wanafanya mambo matano kwa pamoja, rejeta nene, kipoza oili, programu ya kompyuta imeandikwa upya mpaka feni inawaka mapema, halafu gari inashinda kwenye resi elfu sita siku nzima. Mimi nilikua natoka Tabata naenda Posta.

Nilichopata ni oili kuchelewa kupata moto, gari nzito asubuhi, na mafuta juu. Nguvu sikuiona hata kwa kubuni. Nikarudisha ya Subaru yenyewe, na hapo niwaambie wenye Subaru wenzangu, msifunge za madukani zenye kikopo kidogo, weka ya Subaru na hiyo ya dukani pembeni uone ukubwa unavyopishana.

Bima Kubwa
Tofauti na hapo mbona wazungu wanaenda juu? BMW yangu E46, injini M54, themostati imeandikwa 97. Siyo 82, 97 kabisa. Nilidhani nimeuziwa feki nikaenda kulinganisha, zote 97. Fundi akaniambia Wajerumani wameweka hivyo ili mipira ya plastiki ipasuke mapema ununue spea 😂

Nyuzi Themanini
Hahaha fundi wako hajakosea sana kuhusu plastiki, joto linazila kweli. Ila sababu yenyewe ni mafuta na moshi. Injini ya moto oili yake nyepesi, msuguano mdogo, petroli inageuka mvuke vizuri. Wamarekani nao zamani walikua na 71 na 82, zikaja sheria za moshi miaka ya 70 wengi wakahamia 91.

Na BMW ndo mfano mtamu kwenye huu uzi. Kuna injini zao, ile V8 ya M62 mfano, themostati ina kihita ndani. Ukitembea taratibu inaacha maji yaende mpaka 105, ukikanyaga mafuta mpaka chini kompyuta inawasha kihita kinayeyusha nta kwa nguvu, mlango unafunguka wote, maji yanashuka kuelekea 85. Yaani waliotengeneza wanajua pande zote mbili, moto kwa kubana matumizi na baridi kwa nguvu. Muuzaji wa Ilala hajadanganya, kachukua ukweli wa gari inayokandamizwa akauuza kwa mtu wa Kimara.

Fundi wa Mwembeni
Vijana mnaongea vizuri ila kazi yetu iko chini ya boneti siyo kwenye simu. Niambieni hivi, kama themostati ni ya muhimu, maji yakipita bila kizuizi yanapoa zaidi au hayapoi?

Mtaalamu wa Kuazima
Hayapoi fundi, nimesoma, yakipita kwa spidi kwenye rejeta hayapati muda wa kupoa ndo maana ukitoa themostati gari inaweza kuchemsha.

Nyuzi Themanini
Hapo wote wawili nawapinga, nisameheni. Hiyo ya "hayapati muda" imezunguka sana na siyo. Maji ni yaleyale yanazunguka, yakipita haraka kwenye rejeta yanarudi haraka tena. Kadiri yanavyotembea kwa kasi ndo rejeta inatoa joto zaidi, siyo kidogo.

Lakini kwamba gari inaweza kuchemsha kwa kutolewa themostati ni KWELI, na sababu ni nyingine ambayo mafundi wengi hawaioni kwa sababu haijaandikwa popote juu ya kifaa. Fundi chukua themostati ya Toyota ya 1NZ uigeuze. Mbele ina kisahani kikubwa, nyuma kwenye mkia ina kisahani kidogo chenye kaspringi. Kile kidogo siyo urembo. Kuna njia ya mkato, baipasi, inayorudisha maji ya moto kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Themostati ikifunguka mbele, kile kisahani cha nyuma kinaenda kuiziba ile njia ya mkato ili maji yalazimike kwenda kupozwa. Ukitoa themostati umefungua mlango wa rejeta sawa, ila na njia ya mkato umeiacha wazi maisha. Maji ni kama abiria, wakiona pa kupita bure pembeni ya geti watapita. Ukiwa tambarare na upepo hutaona kitu, tena utasoma 57. Siku umepakia watu watano na mizigo, AC imewashwa, unapanda mlima gia ya pili, sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kuiona rejeta. Hapo ndo utasikia "sielewi mbona imechemsha na themostati nilitoa".

Dereva wa Nyanda za Juu
Hii hii ilinikuta Kitonga. Noah ya abiria, themostati ilitolewa Dar. Dar mpaka Mikumi mshale haujanyanyuka, Ruaha Mbuyuni safi, tumeanza kupanda Kitonga zile kona za katikati mshale ukaja kama lifti. Nikaegesha, abiria wakashuka wananiangalia kama nimewauza. Miaka yote nilikua nalaumu rejeta.

Na nawaongezea jambo la huku kwetu. Makete na Njombe mwezi wa 6 na wa 7 asubuhi gari isiyo na themostati hita yake inapuliza upepo wa friji, kioo kinajaa ukungu unaendesha kichwa kiko nje kama kinyonga. Pia mfuniko wa rejeta huku ndo roho. Maji pwani yanachemka 100, Iringa mjini kama 95, Makete uko juu ya mita 2000 yanachemka kwenye 93. Mfuniko mzima unabana presha, maji yanavumilia mpaka 120 hivi. Mfuniko ukifa gari iliyokua nzima Dar ikifika huku inatokota feni hata haijawaka. Halafu mtu analaumu themostati.

Fundi wa Mwembeni
Hiyo ya kisahani cha nyuma nimeenda kuiangalia sasa hivi kwenye moja iliyokuwa kwenye sanduku. Ipo. Nilikua najua ni ya kushikia tu. Haya.

Ila na nyie mnielewe. Mteja anakuja na elfu thelathini, gari imechemsha, rejeta imejaa matope kwa sababu miaka mitatu anaweka maji ya kisima yenye chumvi. Rejeta mpya hana hela. Nikimtolea themostati anafika nyumbani. Mngekua nyie mngefanyaje?

Nyuzi Themanini
Ningemtolea afike nyumbani, sikatai. Kosa ni kutomwambia kwamba hiyo ni bandeji. Huyu wa Premio katembea na bandeji miaka miwili, kidonda kilikua mota ya feni.

Mombasa Raha
Huku kwetu Mombasa nako ni yayo kwa yayo, makanika akikupokea tu la kwanza ni kung'oa. Swali langu, nitajuaje ile nitakayonunua ni nzima na si feki kabla ya kufungiwa?

Dereva wa Nyanda za Juu
Ichemshe jikoni. Sufuria ya maji, funga themostati kwa uzi ining'inie isiguse chini, tumbukiza na kipimajoto, washa moto mdogo. Uzi mwingine mwembamba ubane kwenye mdomo wa kisahani. Uvute kidogo, themostati ikianza kufunguka huo uzi wa pili unachomoka, soma nyuzi ngapi. Ya 82 ikiuachia uzi kati ya 80 na 84 iko sawa. Endelea kuchemsha uone inafunguka mpaka mwisho, kisha itoe ipoe uone inafunga kabisa, shika juu ya mwanga usione upenyo. Mke wangu alinikuta nafanya hivi akauliza leo tunakula vyuma.

Na ukifunga, kale kapini kanakochezacheza kakae juu, ndo kanapitishia hewa. Kakiwa chini hewa inabaki ndani na utachemsha na themostati nzima.

Premio ya Mkopo
Wakuu nimerudi, wiki tatu. Nilifanya ujinga kidogo, nikanunua zote mbili, ya 76.5 na ya 82, maana nilitaka kuona kwa macho. Zote zilipita mtihani wa sufuria, 76 ilianza kwenye 77, ile 82 kwenye 82 kasoro. Nikasafisha mfumo, nikaweka kulanti ya pinki badala ya maji ya bomba.

Wiki ya kwanza 76. Kimara Chalinze alfajiri ilisoma 76 mpaka 79. Foleni ya Ubungo jioni, 94, feni ikawaka, ikashuka 89, ikapanda tena.

Wiki ya pili 82. Njia ileile ilisoma 82 mpaka 85. Foleni ileile, 94, feni ikawaka, ikashuka 89, ikapanda tena. Nilicheka peke yangu kwenye gari mpaka wa bodaboda akanichungulia.

Nguvu sijaona tofauti kati ya 76 na 82. Tofauti kubwa ni kati ya kuwa nayo na kutokuwa nayo, asubuhi gia ya mwisho inaingia kabla sijafika Mbezi. Mafuta nimepima kwa kujaza mpaka juu mara mbili mbili, bila themostati nilikua napata kilomita 10.2 kwa lita, na 82 nimepata 12.1. Ya 76 nilijaza mara moja tu ikaja 11.7 ila kwa mara moja siapi. Nimebaki na 82.

Vitz Nyekundu
Na yangu imefungwa jana. Fundi alifungua akakuta hakuna kitu humo ndani, mlango mtupu. Taa ya bluu leo imezima kabla sijafika Kwa Msuguri. Nikashtuka nikajua imeungua 😂

Fundi wa Mwembeni
Premio, hiyo 76 yako iliyobaki kama huna kazi nayo usitupe. Nina mteja hapa ana Noah, nilimtolea mimi mwaka juzi, nataka nimpigie arudi. Ila niambie kwanza kipenyo chake ni ngapi.

Premio ya Mkopo
56 fundi. Njoo na yako tulinganishe visahani vya nyuma, hiyo siuzi, nakupa.